Mashine Iliyozimia Ubeti wa Tatu

Mashine ya kusaga ya Isomelo ingekuwa mbovu kabisa, watu wangeelewa. Lakini haikuwa mbovu, na hilo ndilo lililowatia wazimu. Ukiiwasha, inawaka. Inanguruma, mkanda unazunguka, unga wa kwanza unamwagika gunini, kina mama wanaanza kuimba. Wakifika ubeti wa tatu, mashine inakohoa mara mbili, inashusha pumzi, inazima. Ukiiwasha tena, inawaka. Ubeti wa tatu, kwisha.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa jiwe la kusagia. Ulikuwa na beti saba, kwa sababu tangu zamani ungo mmoja wa mtama ulichukua beti saba kuwa unga. Mashine ilipoletwa, mwaka wa pili tangu watu wahamie kijijini, kina mama wa Isomelo hawakuona sababu ya kuuacha. Walisimama mlangoni pa banda la mashine, ungo kichwani, wakauimba kama kwamba bila wao chuma kile kisingejua la kufanya.

Karakana ya mkoa, pale Tabora mjini, ilikuwa imeshapeleka mafundi mara mbili. Mara zote mbili mashine ilisaga mchana kutwa mbele ya fundi, watu wakapiga makofi, fundi akapanda treni. Asubuhi yake, ubeti wa tatu.

"Inawapenda mafundi," alisema Amne, kiongozi wa kina mama wa pale. "Sisi inatuona washamba."

Hatimaye ikaja barua. Lori lingefika Alhamisi. Kama mashine ingekuwa haisagi, ingechukuliwa na kupelekwa Ziba, ambako wenzao walikuwa wameiomba siku nyingi.

Fundi wa tatu alishuka treni Bukene Jumatano asubuhi, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Damas, alikuwa pale stesheni na baiskeli yake kumpokea.

"Shikamoo, mzee," alisema msichana mwembamba mwenye suruali ya bluu na kilemba, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeomba radhi.

"Marahaba, binti. Umekuja na fundi? Yuko wapi, bado anashusha vyombo?"

Msichana akautazama mfuko wa spana miguuni pake. "Ameshashuka, mzee."

"Mbona simwoni?"

Hapo Swaumu binti Mabruki akashikwa na ugonjwa wake. Tangu utotoni, akiogopa, hakuwa analia. Alikuwa anacheka. Chuoni alicheka katika chumba cha mtihani mpaka akatolewa nje akanywe maji. Sasa akaziba mdomo kwa ncha ya kilemba, mabega yakitikisika, akajinyooshea kidole kifuani.

Mzee Damas akamwangalia juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Akauchukua ule mfuko, akayumba kwa uzito wake.

"Haya," akasema. "Mwenye kubeba hivi si mgeni wa chuma. Panda nyuma."

Huko Isomelo, Swaumu alifikia kwa Amne. Amne alikuwa mama wa makamo, mpana, mwenye vicheko vingi, na kabla hata ya kumpa mgeni maji alimshika mkono akamwingiza ndani kumwonyesha kitu. Uvunguni mwa kitanda palikuwa na jiwe la kusagia, limegeuzwa kifudifudi, na juu yake kuku alikuwa ameatamia mayai.

"Hilo nimelipa likizo," alisema. "Siku mashine ilipokuja nililigeuza, nikaliambia, mama, umefanya kazi, pumzika. Gusa hapa." Akamwekea Swaumu kiganja chake mkononi. Kilikuwa kigumu kama ukwato. "Miaka ishirini na mitano. Na bega hili usiku halilali. Mwanangu, nisije nikamfukuza kuku huyu juu ya mayai yake."

Alilisema kwa kucheka, lakini hakukiondoa kiganja. Swaumu akakishikilia. Alitaka kusema, sitakuangusha, mama. Akaishia kuitikia kwa kichwa.

Kwenye banda la mashine alimkuta Mzee Lugembe, mlinzi na mwendeshaji. Lugembe alikuwa mrina asali maisha yake yote. Kijiji kilimchagua kwa sauti moja: asali yake, akishaitia kwenye kilindo cha gome la mti na kuufunga mfuniko kwa nta, haijawahi kuingiwa na siafu wala vumbi. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kukabidhiwa mali ya umma. Na kweli, banda liling'aa. Sakafu imefagiwa, spana zimepangwa kwa urefu, injini imepanguswa mpaka unajiona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako huyo. Hana homa, hana jeraha. Anazirai tu."

Kwa watu Swaumu alikuwa bubu nusu, lakini kwa injini aliongea. Aliongea nayo kimoyomoyo mchana ule wote. Akafungua mfuniko wa tangi, akachungulia mafuta, akauweka mfuniko dirishani. Akasafisha chujio. Akalegeza nati za bomba akatoa upepo mpaka dizeli ikatoka bila povu. Akafungua nozeli, akaipiga pampu, ikanyunyiza vizuri kama mtu anayepulizia uturi. Kila alichokigusa kilikuwa kizima. Hilo lilimtia wasiwasi kuliko kama angekuta kimevunjika.

Saa kumi akamwomba Lugembe azungushe hendeli. Injini ikawaka. Kina mama wakaanza. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, na sauti zikashuka, kila mtu akingoja kile kikohozi. Hakikuja. Wa nne! Wa tano! Amne akatupa ungo hewani. Waliumaliza wimbo mara sita jioni ile, wakamnyanyua Swaumu kama gunia, wakamzungusha banda zima huku akijifunika uso na kuomba, "Jamani, nishusheni, jamani!" Jua likizama mashine ikazimwa kwa mkono, kwa heshima. Lugembe akauchukua mfuniko dirishani, akaupangusa, akaukaza juu ya tangi. Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa unga mpya, na mgeni alilala akitabasamu.

Alhamisi asubuhi lori lilifika kabla umande haujakauka.

Dereva aliitwa Masolwa, Msukuma, na kwa watu wa Isomelo, ambao ni Wanyamwezi, Msukuma ni mtani. Maana yake ana ruhusa ya kuwatukana hadharani, nao wana ruhusa hiyohiyo, na mwenye kununa ndiye mwenye aibu. Masolwa hakuipoteza ruhusa yake.

"Mwangaluka, watani!" alisalimia kwa lugha ya kwao, akiruka kutoka kwenye lori na kamba begani. "Kiko wapi chuma changu? Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini kwa miguu. Nyinyi hiki hamtashindwa kunibebea hatua kumi!"

"Babu zetu walibeba, wakaiona bahari," akajibu Amne. "Wako alikuwa nyuma ya mkia wa ng'ombe. Kamba hiyo jifunge mwenyewe. Mashine imepona!"

"Imepona? Washeni tuone."

Mzee Lugembe, ambaye alikuwa amevaa kanzu safi kwa ajili ya siku hiyo, akazungusha hendeli. Injini ikawaka mara moja. Kina mama wakaimba kwa nguvu kumwonyesha Msukuma. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ulikuwa katikati mashine ilipokohoa mara mbili, ikashusha pumzi, ikazima.

Hata ubeti wa tatu haikufika.

Kuku mmoja akapita mlangoni, akachungulia, akaondoka. Halafu fundi akaanza kucheka. Hakutaka. Alijibana mbavu, akaangalia ukutani, akafikiria mazishi. Kicheko kikatoka puani.

"Amepagawa," alisema Masolwa kwa sauti ya huruma, akaanza kufungua kamba.

Amne akamshika kiwiko. "Mtani, utapakia kwa njaa? Nimepika uji wa ulezi. Kunywa kwanza."

Masolwa akaunusa upepo. "Nitakunywa. Nikimaliza bakuli, napakia. Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mzee Damas kwa unyonge.

Akaletewa bakuli, tena la ukubwa wa kumwogeshea mtoto, na uji wenyewe ukichemka. Masolwa akakaa kwenye gunia, akaanza kupuliza.

Kicheko kilimwacha Swaumu kama kwikwi inavyomwacha mtu, ghafla, na kikamwachia kichwa kilichotulia kabisa. Akachuchumaa mbele ya injini. Mwalimu wao wa karakana alikuwa akiwaambia: mashine ikikukataa, usiiulize ina nini. Iulize, tofauti ya leo na jana ni ipi?

"Baba," alimwambia Lugembe polepole, "tangu jana jioni umefanya nini hapa?"

"Hakuna. Nimefagia. Nimejaza mafuta mpaka shingoni, kwa ajili ya wageni."

"Umejaza." Swaumu akageuka. "Mama Amne, siku nyingine mafuta yakijazwa, mashine hufika ubeti wa ngapi?"

Amne, aliyekuwa amesimama nyuma ya Masolwa na sufuria ya uji, akakunja uso akikumbuka. "Siku ya kujaza? Wa pili, kama leo. Yakifika nusu, wa tatu. Siku moja yalibaki kidogo chini kabisa, ikafika wa tano, tukadhani imeamua kutusamehe."

"Ikishiba inazirai," alisema Masolwa mdomo umejaa. "Ikiwa na njaa inafanya kazi. Kweli hii ni mashine ya Wanyamwezi."

Watu wakaguna, lakini Swaumu alikuwa amesimama wima. Ikishiba inazirai. Akalikamata tangi, akaanza kuufungua mfuniko.

*Fsssss.*

Ulikuwa mvumo mrefu, mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kupiga mbizi. Jana hakuusikia kwa sababu mashine ilikuwa imelala siku mbili, na upepo ulikuwa umeshapenya polepole. Akaufunga tena haraka, kama aliyefungua mlango wa chumba chenye mtu.

"Washa, baba. Na nyinyi kina mama, imbeni. Msiharakishe, imbeni kama mko kwenye jiwe."

Wakaimba. Katikati ya ubeti wa pili, kikohozi, kikohozi, kimya. Akafungua. *Fsssss.*

Safari hii mfuniko aliushika mkononi. "Tena."

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Masolwa aliacha kupuliza uji akawa anahesabu kwa vidole. Wa nne. Amne akiimba aliinama akalijaza tena bakuli la mtani bila hata kuangalia. Wa tano. Swaumu akaurudisha mfuniko, akaukaza. Wa sita ukaimbika wote. Wa saba ulipofika kwenye maneno "mkwe amekaa mlangoni," kikohozi, kikohozi, kimya.

"Mama yangu!" alisema Masolwa. "Inaziraishwa na kofia!"

Swaumu akaugeuza mfuniko kwenye mwanga wa mlango. Upande wa ndani palikuwa na kitundu chembamba, kazi ya kiwandani. Akaugeuza upande wa juu. Kitundu hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na uvimbe mdogo, mweusi, laini, umesuguliwa kwa kidole mpaka ukang'aa kama chuma chenyewe. Akaukwaruza kwa ukucha. Ndani ulikuwa wa manjano. Akaunusa, na harufu ya asali ikamjaa kichwani.

Hakuhitaji kumtafuta mwenye nta. Alikuwa amesimama hapo kando yake katika kanzu safi, mikono nyuma, akingoja kwa imani yote kuambiwa ugonjwa wa mgonjwa wake.

Kijiji kizima kilikuwa mlangoni. Swaumu alihisi uso ukimwaka. Angeweza kusema maneno matatu, mashine ikabaki, na mzee huyu asingeweza tena kutembea Isomelo bila watoto kumwimbia. Angeweza pia kuitoa nta kwa siri, aseme ni uchafu. Kisha kesho yake ingerudishwa kwa mapenzi yaleyale.

"Baba," alinong'ona, "hapa juu, palikuwa na tundu?"

"Lilikuwapo!" alisema Lugembe kwa sauti kubwa, uso umechangamka. "Umeliona hata wewe? Aliyetengeneza alisahau kuliziba. Tundu, mwanangu, kwenye mfuniko! Vumbi lote hili! Nililiziba mwenyewe mwanzo wa kiangazi, na kila Jumamosi naongeza nta. Siafu hapiti."

Mzee Damas aliangalia dari. Amne aliangalia sufuria. Kuna mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi, wala jirani hamwambii jirani.

Lakini mtani ana ruhusa.

"Mtani!" Masolwa alilia, uji ukamrukia shati. "Umeizika mashine ikiwa hai! Mafundi watatu, treni tatu, lori zima kutoka Ziba, kumbe mrina asali ameidhania mzinga! Uliiambia ikutengenezee nini, masega?"

Lugembe alimkodolea macho. Akautazama mfuniko mkononi mwa Swaumu. Akalitazama tangi. Midomo yake ikaanza kutembea bila sauti, kama mtu anayepiga hesabu, na mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe ukafanya kitu cha ajabu: ukashika kilindo ambacho hakikuwapo, ukakiinamisha.

"Nikitaka kumimina asali," alisema taratibu, "natoboa tundu la kutokea. Haitoki. Natoboa la pili, la upepo. Inatoka." Akajipiga paji la uso kwa kiganja, pa! "Miaka arobaini natoboa matundu mawili! Mimi! Kwa mkono huu! Mafuta yanataka kutoka, na mimi nimeyakalia juu!"

"Ndiyo, baba," alisema Swaumu, na hapo ugonjwa wake ukamrudia, safari hii bila woga ndani yake. Lugembe akamwona, akaanza naye, kicheko cha kizee cha kwikwi na kikohozi. Kina mama wakafuata. Mzee Damas akakaa chini. Mtu mmoja nje ambaye hakusikia kitu alicheka kwa kuwasikia wengine, akaulizwa unacheka nini, akasema sijui.

"Na wewe, Msukuma," alisema Lugembe alipopata pumzi, akichomoa donge la nta mfukoni mwa kanzu, "nta imebaki. Lete huo mdomo."

Masolwa akaruka nyuma ya magunia na bakuli lake. Banda likalipuka upya.

Swaumu, kama watoto wote wa fundi cherehani, alikuwa na sindano imechomekwa kwenye ukosi wa shati. Akaichomoa. Angeweza kutoboa mara moja akamaliza. Badala yake akampa Lugembe sindano na mfuniko, kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo.

"Wewe ndiye unayejua kutoboa, baba."

Mzee akaikwangua nta yote kwa ncha, akalichokonoa tundu, akapuliza, akachungulia kwa jicho moja. Kisha akaukaza mfuniko juu ya tangi lililojaa mpaka shingoni, akashika hendeli.

Ubeti wa kwanza. Wa pili ukapita kama haukuwahi kuwa na ubaya. Wa tatu. Kwenye wa tano baadhi ya kina mama walikuwa wanapiga vigelegele badala ya maneno. Wa saba ulipoisha mashine ikaendelea, unga ukimwagika, na waimbaji wakaangaliana, maana hakuna aliyejua cha kuimba baada ya hapo. Jiwe halikuwahi kuhitaji ubeti wa nane.

Amne akapanda juu ya gunia. Akauanzisha ubeti wa nane akiutunga palepale, akisema kuku wangu keti, keti mpaka vifaranga watoke. Kina mama wakaupokea. Wa tisa ulimhusu Msukuma aliyekuja na kamba akaondoka na tumbo. Wa kumi ulikuwa na jina la Swaumu ndani yake, na mwenye jina aliposikia alizunguka nyuma ya injini akachuchumaa pale, ameshika masikio, machozi ya kucheka yakimchora michirizi kwenye masizi.

Masolwa alimaliza bakuli lake la tatu, akairusha kamba nyuma ya lori tupu, juu ya debe la unga alilopewa. Akashika mlango, akasita. Akamwona Mzee Lugembe ameegemea ubavu wa lori, karibu kabisa na tangi la mafuta, akikanda kitu vidoleni na kuangalia mawingu.

Masolwa akauacha mlango, akaenda mbio kukagua mfuniko wake, akaufungua, akaunusa, akaufunga, akaukagua tena, huku kijiji kizima kikimwangalia kutoka mlangoni na mashine nyuma yao ikiwa kwenye ubeti wa kumi na tatu.